Mbegu za Doriani Kwenye Uchaga wa Sungura

Sogeeni, sogeeni mkekani. Wewe wa mwisho, kunja miguu mwenzio apate pa kukaa. Mwenye kukohoa akohoe sasa, mwenye kiu akanywe arudi. Haya, midomo ifungwe masikio yabaki wazi, maana humu mna mnyama mmoja mpole wa sauti, na mkipiga kelele hamtamsikia.

Ulikuwa mwaka wa ukame katika nchi ya Simba. Mvua ilipita mbali kama mgeni aliyekosana na wenyeji. Miti ya matunda ilikauka imesimama, na maji yakabaki mahali pamoja tu, kwenye chemchemi ya bondeni. Bonde lile lilikuwa la Simba. Wanyama walikuja kunywa wakarudi makwao. Kukaa pale hakuruhusiwa yeyote.

Kwa wenye mbio hilo halikuwa jambo. Kwa Bi Kobe lilikuwa jambo la uhai. Nyumba yake ilikuwa juu kabisa, kwenye mawe, na miguu yake mnaijua. Kila alipofika chemchemini wenzake walikuwa wamekwisha kunywa na kuvuruga. Alilamba tope, akageuka kurudi, na kabla hajafika kwake kiu ilikuwa imemshika tena. Alijua moyoni kwamba ukame ukiendelea atafia njiani, na wapita njia watamruka wakidhani ni jiwe.

Basi siku moja Hondohondo akarudi kutoka nchi za mvua, ng'ambo ya milima, kabana mdomoni tunda kubwa la miiba, shingo inamuuma. Alipofika juu ya uwanja wa Simba likamponyoka, likaanguka, likapasuka. Harufu yake ikajaa uwanja mzima. Fisi akaja mbio, kichwa kakiinamisha kwa adabu.

"Poleni wafiwa," akasema. "Marehemu yuko wapi?"

"Hakuna aliyekufa," Simba akamjibu. "Ni tunda hilo. Hondohondo anasema linaitwa doriani."

Fisi akanusa tena, akasema kama matunda yananuka hivi, basi amepoteza umri wake bure kwenye mifupa.

Simba akaonja. Yule bwana, ambaye hakuwahi kusifu kitu kisichokuwa chake, akafumba macho. Alipoyafumbua akatangaza kwamba mti wa tunda lile lazima uote nchini mwake, kwa kuwa haiwezekani nchi nyingine iwe na kitu kitamu namna ile na yake haina. Atakayeotesha mche atahamia bondeni pamoja nao, akae kando ya chemchemi autunze, yeye na kizazi chake.

Bi Kobe alikuwa ndiyo kwanza anaingia uwanjani. Maneno ya mwisho aliyasikia vizuri.

Mbegu zikagawiwa, moja moja. Zilikuwa kubwa, laini, rangi ya kahawa, bado zinateleza kwa nyama ya tunda. Simba alichukua iliyo kubwa kuliko zote akasema ataipanda mwenyewe, ingawa kucha zake zilikuwa hazijapata kugusa udongo. Fisi yake aliimeza papo hapo. Walipomcheka akanuna.

"Sijaila, nimeipanda," akasema. "Tumboni mwangu mna joto, mna giza, na mbolea haikosekani."

Tangu siku hiyo akawa anakunywa maji mara mbili, ya kwake na ya mche, na mchana anajilaza chali juani ili tumbo lipate mwanga.

Sungura alikuwa ameshaupiga hesabu mchezo wote kichwani. Akapanda juu ya kichuguu akawauliza wenzake kama wamepata kuona mtama unapandwa siku ile ile ya kuvunwa. Wakasema hapana. Mahindi je? Hapana. Basi akawaambia mbegu ni mbegu, lazima ikauke. Na isiposhika moshi, wadudu watairithi. Yeye ana uchaga mzuri juu ya jiko lake, moshi haukosekani asubuhi wala jioni. Wampe awatundikie, mvua ikianza kila mtu ataijia yake.

Lilikuwa neno la akili, na kila mmoja alikumbuka uchaga wa mamake. Wakampa. Hata Simba akampa. Sungura alikusudia kwamba mvua itakapoanza, mbegu zote zitakuwa "zimeliwa na panya" isipokuwa moja, yake. Wala hakudanganya kuhusu moshi. Kweli aliamini ndivyo.

Bi Kobe naye aliamini. Akatafuta kifuu cha nazi mbegu yake isibingirike, akaitandikia majani yaliyooza aliyokwangua chini ya gogo, akaifunika, akaanza safari ya kwenda kwa Sungura. Alfajiri alilamba umande juu ya mawe. Nusu alimeza, nusu akaidondosha kifuuni, maana aliona haya kunywa peke yake na mwenzake yupo. Wengine walikwenda kwa Sungura wakarudi, wakamkuta bado yuko kwenye kichuguu kile kile. Wakamsalimia wakapita.

Alipobisha hodi kwa Sungura, mbegu ilikuwa imepasuka, na kitu kama kidole cha mtoto kimechungulia.

Sungura akatazama kifuuni. Moyo ukamruka, lakini uso akaukunja.

"Pole, shangazi," akasema. "Hii imeoza."

"Imeoza, mwanangu? Mbona imetoa kitu?"

"Huo ndio ugonjwa wenyewe unatoka. Nikiiweka uchagani itawaambukiza wenzake, na ya Bwana Simba imo. Unataka nimwambie nini?"

Bi Kobe aliposikia jina la Simba akaingiwa na hofu. Sungura akamhurumia sana, akamwambia aache kifuu hapo hapo, yeye atakizika mbali kwa heshima. Bi Kobe akageuka. Alikwenda zake, na hakuna aliyejua kama amechoka au analia, maana kobe akilia huingiza kichwa ndani.

Hondohondo akamwona njiani, akatua juu ya gamba lake, akamuuliza kulikoni. Bi Kobe akamweleza yote. Hondohondo akacheka mpaka akakaribia kuanguka.

"Ugonjwa?" akasema. "Huko nilikotoka, bi mkubwa, mbegu ya doriani huota chini ya mamake kabla harufu ya tunda haijaisha. Ikikaushwa ndiyo inakufa. Kile ulichokiona ni mzizi. Mwenzangu, ulikuwa na mti mkononi."

Bi Kobe akageuka tena, akashika njia ya kwa Simba, mwendo ule ule.

Alipofika alikuta baraza limejaa. Mche ulikuwa katikati ya uwanja, ndani ya kifuu, una majani mawili yanayong'aa. Sungura alikuwa akisimulia jinsi alivyokesha nao. Simba kanyanyua ndevu kwa fahari, yu tayari kutoa bonde.

Bi Kobe akaomba radhi kwa kuchelewa, akasema mche ule ni wake, na kifuu ni chake.

"Kifuu ni kifuu, shangazi," Sungura akasema, na baraza likacheka. "Jiko gani halina kifuu?"

Simba akamuuliza Sungura, basi mbegu yenyewe ilitoka wapi. Sungura akasema ilitoka pale pale juu ya uchaga wake, ilishiba moshi, akaipanda, ikaota kwa baraka za Bwana.

Bi Kobe akatoa kichwa chote nje, jambo asilozoea mbele za watu.

"Kama ni hivyo sina neno," akasema. "Zetu zote zimeshika moshi huo huo. Atupe tupande hapa hapa, ziote zote. Mimi hata sidai yangu, Bwana. Nitafurahi kuiona yako, maana ndiyo ilikuwa kubwa."

Simba akageuza shingo polepole.

"Kweli," akasema. "Yangu iko wapi?"

Sungura akasema mvua bado. Simba akamwonyesha mche, akamuuliza kama ule nao ulisubiri mvua. Hapo Sungura hakuwa na pa kupitia. Zikaletwa mbegu, nyeusi, zimesinyaa, zinagongana kama kokoto. Simba akaamuru Sungura azipande kwa mkono wake, vile vile alivyopanda ile ya kwanza, na Fisi alete maji ya chemchemi. Fisi alileta, ingawa njiani yalipungua.

Wakakaa wakingoja. Jua lilipokuwa kali mche ulianza kuinamisha majani. Sungura hata hakuutazama, alikuwa akihesabu njia za kutokea. Bi Kobe akasogea, akasimama mahali ambapo gamba lake litautia kivuli, na jua lilipohama naye akahama. Kwa kazi hiyo mwendo wake ulitosha kabisa.

Umande ukaja ukakauka, ukaja tena ukakauka, udongo ule haukutoa hata ufa. Mwishowe Fisi, aliyechoka kubeba maji asiyoyanywa yote, akafukua mbegu moja akaitafuna. Bibi yangu akifika hapa alikuwa akisema kwa pua, kwa sauti ya Fisi mwenyewe: "Mkaa huu." Akaitema.

"Nadhani hizi hazikuwa na bahati, Bwana," Sungura akasema.

"Na yangu?" Simba akauliza. "Yangu nayo haina bahati?"

Hapakuwa na jibu la swali hilo katika nchi ile. Akisema ndiyo amemtukana Simba, akisema hapana itabidi iote. Sungura akatazama kushoto, akatazama kulia, akaruka juu ya mgongo wa Fisi, akatokomea majanini na vicheko vya baraza nyuma yake. Simba akakisukuma kile kifuu kwa ukucha mmoja, taratibu, mpaka miguuni pa Bi Kobe.

Jioni ile ile Bi Kobe alianza safari ya kushuka bondeni, na safari hii hakuwa na haja ya kuhesabu njia ya kurudi.

Sasa sikilizeni nani aliachiwa nini. Mdoriani si mchicha. Simba alikuwa akishuka kila asubuhi kuuliza kama tayari, naye Bi Kobe akamjibu bado, Bwana, mpaka ndevu za yule bwana zikawa nyeupe. Alikufa mti haujatoa hata ua. Mwanawe akarithi kiti na kuuliza vile vile. Mjukuu ndiye aliyekula.

Hondohondo na wanawe waliachiwa tawi la juu, wasiulizwe na mtu. Fisi aliwaachia watoto wake maganda yenye miiba, na habari ya mti ulioko tumboni, ambao wanasema unakaribia. Watoto wa Sungura walirithi kula vibichi, kwa kuwa baba yao hakurudi tena kwenye jiko lake.

Bonde likawa la kina Kobe, chemchemi na kivuli. Na Bi Kobe akawaachia desturi moja wanayoishika mpaka leo: doriani likishaliwa, mbegu haianikwi wala haingoji kesho. Vidole vya mlaji bado vinanuka, na yenyewe imekwisha lala kwenye kifuu chake, penye unyevu.