Uji wa Walinzi wa Mzee Nyati

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba na walinzi mlangoni kama sisi, Mzee Nyati aliishi na ndama wake mmoja. Mama yake ndama alikuwa amekufa, kwa hiyo baba alimpenda mtoto huyo kupita kiasi.

Walinzi walikuwa Ngiri wawili wenye meno marefu. Mpishi alikuwa Sange, kinyama chenye pua ndefu, mdogo hata angelala ndani ya kata ya kuchotea maji. Sange alikula kutwa nzima, maana akikosa chakula kidogo tu huanguka. Njaa aliijua vizuri.

Kila siku alipika vyungu viwili: uji wa asali wa kuwachangamsha walinzi, na karanga nzito za kupondwa za watu wa nyumbani.

Siku moja akaja Fisi, akasema ni rafiki wa marehemu babu yake ndama. Akakaribishwa. Kwao, kama kwetu, mgeni hula kwanza. Fisi akavuta chungu cha uji, fyoo, fyoo, akamaliza. Ngiri wakaambulia ukoko. Ikawa hivyo kila siku. Nyinyi mnajua mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nyati aliona aibu kulitoa hilo jembe.

Ngiri wakaanza kusinzia mlangoni, khoro, khoro.

"Wavivu hawa," Nyati akanung'unika. "Nitawafukuza."

"Wana njaa, Mzee," Sange akasema.

"Kwa hiyo nimnyime mgeni? Wewe shika jiko lako, mambo ya mlango niachie."

Sange akarudi jikoni, lakini aliogopa sana. Alikuwa amemwona Fisi akimpapasa ndama shingoni huku akimeza mate.

Asubuhi akamwendea Fisi.

"Shikamoo, mgeni wetu."

"Marahaba."

"Naona haya kukuambia. Majirani wanakucheka. Ule uji ni chakula cha watumishi. Wakubwa hapa hula karanga."

Fisi akavimba. "Kumbe mmenilisha chakula cha watumishi siku zote hizi? Lete chungu cha wakubwa."

Akala karanga mpaka tumbo likaburuzika chini. Uji ukaenda mlangoni. Ngiri wakaunywa wote, damu ikawachemka, macho yakafunguka.

Alasiri Fisi akajikokota kwa ndama, akafunua kinywa. Ndama akalia, "Mbeee!" Ngiri wakaja kwa kishindo, puu, puu! Fisi alitaka kukimbia, tumbo likakataa. Aliponea chupuchupu, na nusu ya mkia wake ilibaki uani.

Nyati akamkumbatia mwanawe akilia. "Walinzi wapewe asali maradufu kila siku!"

"Adui ameshaondoka, Mzee," Sange akasema.

"Wape."

Akawapa. Kesho yake Ngiri, damu ikichemka na adui hayupo, wakamng'ata Nyati mwenyewe mguuni.

"Sange," Nyati akasema akichechemea, "walinzi wangu leo wale nini?"

"Karanga, Mzee. Asali tutaitoa siku ya adui."

Basi, wanangu, ukitaka kumjua mlinzi wako, tazama kwanza chungu chake.