Fundi na Ndege ya Tatu

Palikuwa na mtu mwenye ndege tatu kubwa za abiria. Zilipochakaa alizipeleka kwenye kiwanja kidogo cha nyanda za juu, ambako ng'ombe hufukuzwa kwanza ndipo ndege itue, akamwajiri fundi mmoja, Lutengano, azifungue. Agizo lilikuwa moja: kila kifaa kilicho kizima kitolewe, kifungwe vizuri, kipelekwe kwenye ndege zinazokihitaji.

Ndege mbili Lutengano alizifungua bila shida. Ya tatu ilimshinda. Aliihudumia miaka ishirini na miwili ilipokuwa ikiruka, na ubavuni aliona kiraka alichokigonga kwa mkono wake mwenyewe. Basi akaiacha nzima. Kila asubuhi aliiosha, akapanda, akaketi kwenye kiti cha rubani. Ukungu ulipopita madirishani aliona kama ndege inakwenda. Aliona maziwa chini yake, na miji, na mashamba ya chai. Akasikia abiria wakinong'ona nyuma. Mwenye mali alipouliza kazi imefika wapi, alijibu kwamba bado kidogo. Masika mawili yakapita hivyo, naye alikuwa na furaha.

Siku moja akaja mwanamke aitwaye Tumwitike, fundi pia, kutoka kiwanja cha mbali. Alieleza kwamba ndege yao, ya aina ile ile, ilikuwa imelala miezi minne kwa kukosa pampu moja ya kukunjia na kushushia magurudumu. Wagonjwa waliotakiwa kwenda hospitali ya rufaa walipelekwa kwa barabara, mwendo wa siku mbili, na wengine hawakufika. Lutengano alimsikiliza kwa adabu. Kisha akamwambia kwamba hawezi. Akiitoa pampu hiyo, hii haitakuwa ndege tena.

Tumwitike hakubishana. Aliweka kiganja juu ya bawa lililong'aa.

"Kaka," akasema, "ndege ni ile inayobeba watu."

Lutengano alisimama pale mpaka ukungu ukaondoka na kiwanja chote kikaonekana, nyasi zake na ng'ombe wake. Ndipo akaenda kuchukua spana. Pampu ilikuwa nzima. Waliifunga katika blanketi, na mama yule akaondoka nayo kwa basi, ameipakata.

Fundi akaendelea kufungua, siku baada ya siku. Ndani ya mbawa alizokuwa akiziosha kwa nje alikuta nyigu na kutu. Vifaa ambavyo mwaka juzi vingefaa vilimeguka mikononi mwake. Hapo ndipo alipolia, akiwawaza wale waliopelekwa kwa barabara.

Nawauliza ninyi mnaokaa kwa raha ndani ya safari iliyokwisha: ni nani anayengoja kile mlichokifungia?