Kiti cha Kwenda Rungwe

Hapo zamani, kabla digrii hazijawa karatasi za kufungia maandazi, walikuwepo wauguzi watatu wa Kinyakyusa katika hospitali moja ya mbali: Sekela, Tumpale na Atupele. Kazi walikuwa nayo, tena bila kumjua mjomba wa mtu. Walichokosa ni kwao, Rungwe.

Atupele ndiye aliyeumia zaidi. Alimwacha mwanawe kwa wakwe kabla mtoto hajaota jino. Kila akikunja nepi ya mtoto wa mtu, aliinusa.

Siku moja akaletwa mzee mwenye kidonda cha mguu. Metroni, Mwingereza, akatamka: "Atakayemponya huyu atamsindikiza kwao Rungwe. Kiti garini ni kimoja. One."

Kumbe mzee ni baba mkwe wa Atupele. Na kwa Wanyakyusa, mke hatazamani na baba wa mumewe, wala jina lake halitamki. Atupele akamwita "Dirishani", maana kitanda chake kilikuwa hapo. Akatundika shuka katikati yao, akawa anaosha kidonda kwa kupenyeza mikono chini ya shuka.

"Nonsense, Nurse. Toa hiyo."

"Yes, Metroni," akasema, na shuka likabaki.

Mzee akagoma kula. Sekela akamlisha uji kijiko kwa kijiko. Mzee akalala kama gogo, hata kujigeuza hawezi. Tumpale akamgeuza na kumgeuza, mgongo usioze. Atupele akaosha. Siku moja mzee akauambia ukuta: "Kuna mtoto kule kwangu. Kila mwenye gauni jeupe anamwita mama."

Chini ya shuka mikono ikasimama. Kisha ikaendelea kuosha.

Mchana mmoja mshipa ukapasuka, damu ikaruka. Atupele akalichana lile shuka, akamfunga mguu, macho kwa macho. Mzee akapona.

Gari likawashwa.

"Bila uji wangu angeshazikwa," akasema Sekela. "Na mama yangu alizikwa mimi sipo."

"Bila mimi mgongo ungeoza," akasema Tumpale. "Na mchumba wangu hatangoja nizeeke, shoga."

"Bila shuka langu..." akasema Atupele.

Mzee alishajifunika blanketi gubigubi. "Aliniokoa, sikatai. Lakini mkwe akae nami bega kwa bega? Afadhali mguu ungebaki huku."

Atupele akamgeukia dereva, ili mzee asikie: "Ati, mtoto anatembea sasa?"

Dereva angejuaje?

"Anakimbia," likajibu blanketi.

Haya, wenye vyeti na msio navyo, dereva anapiga honi. Je, kile kiti kilikuwa cha nani?