Mfereji Wenye Matawi Matatu Matatu

Mtu mmoja, jina lake Senzia, alikuwa na shamba la maharage mlimani, nalo lilipata maji ya mfereji. Mfereji ule uligawanyika matawi matatu. Kila tawi likagawanyika tena matatu. Na ndani ya kila shamba vijifereji navyo vilikuwa vitatu vitatu, hadi kile chembamba kinachozibwa kwa kiganja. Ungechora kipande chake chochote, mgeni asingejua kama umechora mfereji mkuu au kijifereji cha mchicha, mpaka umchore na mtu amesimama kando.

Mwaka mmoja mvua ikawa haba. Kalutu, mwenye shamba la juu, akaweka jiwe mferejini, maji mengi yakabaki kwake, machache tu yakapenya kwenda chini. Maharage ya Senzia yakanyauka yangali na maua. Alikuwa na watoto wanne wa kulisha, na uchungu ulimjaa, nani angemlaumu? Akapeleka shauri kwa wazee wa mfereji, akalieleza vizuri, wakamwelewa.

Kwa desturi yao, wazee hawakati shauri kabla ya kuukagua mfereji kwa miguu, kuanzia chini maji yanakokomea, kwenda juu. Senzia akatangulia kwa haraka. Lakini mfereji haukukomea kwake. Ulikomea kwenye tuta la Nakijwa, mjane wa marehemu kaka yake, aliyepata maji kupitia shamba la Senzia. Tuta lilikuwa kavu, limepasuka. Hatua kumi juu yake, upande wa Senzia, palikuwa na jiwe.

Senzia alilijua. Aliliweka mwenyewe ukame ulipoanza, akinuia kuliondoa kesho yake. Kesho hiyo, kama kesho zetu nyingi, haikufika. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Aibu ikamshika, akajitetea kwamba maji yenyewe hayakumtosha.

Nakijwa hakupandisha sauti. "Shemeji," alisema, "hata Kalutu anasema hayamtoshi."

Senzia akapiga magoti matopeni, akaling'oa jiwe kwa mikono yake. Wazee wakangoja mpaka maji yakafika kwenye tuta, ndipo wakapanda kuelekea kwa Kalutu, Senzia akiwafuata nyuma.

Ndugu zangu, dhuluma ya mkubwa na ya mdogo zina umbo moja. Zimezidiana kipimo tu. Wewe unayekwenda kumshtaki aliye juu yako, je, maji yanamfikia aliye chini yako?