Pole ya Nini?

Wapendwa, mama mmoja aliishi na mumewe kwenye nyumba ya kupanga, ile ya vyumba sita na bomba moja uani. Chumba cha mbele kikapata mpangaji mpya, mjane, msafi, mwenye sauti laini. Asubuhi ya kwanza mama anapita na ndoo ya maji kichwani, mjane akamwambia, "Pole, dada."

Akajibu kwamba ameshapoa, akaingia ndani. Huko ndani moyo ukaanza kazi. Pole ya nini? Mbona kaisema taratibu vile, na macho kayainamisha? Huyu kuna jambo analijua. Na ni jambo gani la kwangu alijue yeye nisilijue mimi, kama si la mume wangu?

Mnacheka. Chekeni tu, lakini nani hapa hajawahi kupewa salamu akaigeuza kesi?

Kesho yake pole tena. Keshokutwa tena. Wivu ukamla yule mama mpaka chakula hakimshuki. Mumewe, fundi seremala, akisema kazi zilikuwa nyingi, mke anasikia kuna mwanamke mwingine. Akisifia mchicha, mke anajiuliza ameulinganisha na mchicha wa nani. Yule baba akaanza kuogopa maneno, akanyamaza. Na kimya nacho mke akakitafsiri. Jumamosi akamtolea begi lake nje, akamwambia aende kwa huyo anayempa pole mkewe. Mume alisimama uani wapangaji waliokuwapo wakimtazama, hajui hata anafukuzwa kwa kosa gani. Akaondoka.

Asubuhi yake mama akapiga hodi chumba cha mbele. Alikuwa na hakika atamkuta mumewe humo. Mlango ukafunguliwa: kitanda chembamba, sufuria moja, mwanamume hamna.

"Nataka kujua," akasema. "Hiyo pole unayonipa kila siku ni ya nini?"

Mjane akashangaa. "Ya ndoo, dada. Kila asubuhi naona unabeba nzito." Kisha akainama. "Ila nikuambie ukweli, nimekuwa nikikuonea wivu. Nilipohamia hapa nilikuwa namsikia mumeo jioni akirudi, anakuita tangu uani. Mimi nalia huku ndani. Usinichukie. Hivi yuko wapi, mbona siku hizi simsikii?"

Mlitaka mama yule ajibu nini?

Ndugu zangu, ndivyo tulivyo. Mtu anatupa neno moja, sisi tunamtungia nia, tunamtungia siri, tunamtungia na dhambi, halafu tunamchukia kwa hayo tuliyoyatunga wenyewe. Ajuaye ya moyoni ni Mungu peke yake. Sisi tumepewa mdomo, tuulize. Swali la yule mama lilikuwa zuri kabisa. Angeliuliza asubuhi ile ya kwanza, mumewe leo angekuwa mezani anakunywa chai.

Sasa wewe uliyehama benchi lako ili usikae karibu na mwenzako, namwona amekaa pale nyuma. Ibada ikiisha usitokee mlango wa pembeni. Nenda kamuulize alimaanisha nini.