Bastola ya Mpini wa Pembe

Usisifu mpini kabla hujatikisa bawaba. Mmenisikia nikiisema methali hii mbele ya jengo la darasa jipya, mkaniuliza imetoka wapi, na huku mnauliza mmegeuza shingo msiione ile nguzo yake inayocheza. Mmezoea kutoona. Basi kaeni. Methali hii ilianza hivi.

Kulikuwa na klabu ya kulenga shabaha huko kwenye mashamba ya mkonge. Mwenyekiti wake, Bwana Shekilindi, alikuwa mtu wa kupenda sifa. Silaha mpya ikija, desturi yao ilikuwa kuizungusha kwenye sinia lenye kitambaa, kila mwanachama aisifu kabla haijafyatuliwa. Sifa kwanza, risasi baadaye.

Mwaka huo walitaka bastola ya kizamani kwa mashindano, zile zinazokunjika katikati ili zijazwe risasi. Muuzaji akaleta mbili. Moja ilikuwa imechakaa, imekolea weusi kama sufuria ya msibani. Nyingine ilimeremeta, mpini wake pembe ya ndovu. Ndiyo iliyowekwa kwenye sinia.

"Huyu bibi harusi," akasema mmoja.

"Hii hata ukikosa, shabaha itakuomba radhi," akasema mwingine. Wakacheka.

Sinia likamfikia Namkunda, fundi cherehani, mlengaji wao hodari kuliko wote. Yeye hakusifu. Alishika mpini, akautikisa mtutu. Ukacheza kwenye bawaba kama jino bovu. Akaichukua ile nyeusi, akaifunga. Ikaitika mara moja, ikatulia.

"Mwenyekiti, tuchukue hii mbaya. Hiyo nzuri itafunguka usoni mwa mtu."

"Binti, umeitwa kulenga, hukuitwa kukagua. Kama unaogopa, kashone."

Namkunda aliwatazama waliokaa. Wengine waliusikia mtutu ukigonga, kwa masikio yao. Wakainamia chai.

Elinuru, mdogo wake Namkunda, akainuka ili kumfurahisha mwenyekiti. "Dada, unatuaibisha. Nipe mimi."

"Elinuru, iache."

"Nitaiacha nikishapiga katikati."

Akaichukua ile ya mpini wa pembe, akaijaza risasi, akafyatua. Bastola ikafunguka mkononi, moto na vipande vya shaba vikamrudia usoni. Jicho lake la kulia likapotea.

Kikao kikaitwa. Mwenyekiti akasema ni ajali, ni mapenzi ya Mungu. Namkunda akaingia na sinia lilelile, bastola ileile juu yake, tupu. Akaanza na mwenyekiti.

"Tikisa."

"Namkunda, mwanangu, pole sana..."

"Sikufuata pole. Tikisa."

Akatikisa. Ikagonga, kila mtu akasikia. Sinia likazunguka, na kila mkono uliosifu ukatikisa, hata ile mikono iliyokuwa na vikombe. Lilipomrudia, Namkunda akawaambia maneno ambayo leo mnayachezea midomoni.

Sasa mmeelewa. Darasa lile linafunguliwa kesho. Rangi yake inapendeza, na wanenu ndio watakaokaa chini ya boriti zake. Wekeni vikombe chini. Inukeni sasa hivi mkaitikise ile nguzo, wakati ndani bado hamna mtoto. Usisifu mpini kabla hujatikisa bawaba.