Zimwi la Shaba la Bustani ya Mtangani

Paukwa!

Pakawa!

Itikieni vizuri! Na wewe uliyeegemea mlango, sogea ndani. Hii si ya kusinzia.

Hapo kale mji wa Mtangani uliingiwa na zimwi. Lilikuwa na adabu za kinafiki: halivuki kizingiti mpaka likaribishwe. Likifika mlangoni hupiga hodi kwa sauti tamu. Na watu wa Mtangani, ukipiga hodi, hata wakiwa usingizini watakuitikia karibu. Basi likiitikiwa tu, huingia likammeza mtu mzimamzima.

Wazee wakalipiga marufuku neno karibu. Wapi! Ndimi zilishazoea. Mji ukawa haukaliki, haulaliki, haupikiki. Watu walikula wamesimama, macho mlangoni.

Siku moja binti mmoja, Mize, alikuwa akichuja tui. Akasikia hodi. "Karibu!" akajibu kabla hajajizuia. Kifumbu kikabaki sakafuni, Mize hayupo.

Dada yake Mize aliitwa Mwanakombo, fundi wa kusubu shaba, kuiyeyusha na kuimimina kwenye kalibu. Alilia mpaka sauti ikamkauka. Hakukaa, hakulala, hakula. Kila mtu alijua kwamba zimwi huwaweka watu hai tumboni, na mwezi ukiandama ndipo huwasaga. Na mwezi ulikuwa umebaki kijisehemu tu.

Basi Mwanakombo akajenga banda la makuti uwanjani, katikati ya mji. Akatandika mkeka. Akayeyusha shaba na bati kwenye chungu kikubwa mpaka vikatokota.

"Hodi!"

"Karibu, mgeni. Karibu mkekani."

Zimwi likashangaa. Halikuwahi kukalishwa na mtu. Likakaa. Na zimwi likishakaa mkekani, hufungwa na mila ya mkeka: haligusi mtu wala chakula mpaka mwenyeji aseme kula.

"Unapika nini?" likauliza, mate yanalitoka.

"Mchuzi mzito. Lakini kwetu mgeni hali mpaka watu wa nyumbani wote wakae. Mdogo wangu Mize unaye tumboni. Mtoe."

Zimwi likacheua. Mize akatoka. Mwanakombo akamkumbatia kwa mkono mmoja, mwingine unachochea moto.

"Tule sasa!"

"Bado. Majirani nao ni watu wa nyumbani. Mtoe Mzee Shee."

Likacheua.

"Tule sasa!"

"Bado. Mtoe Bi Tatu."

Likacheua. Akamtaja huyu, akamtaja yule, na kila aliyetajwa alitoka. Lakini kuni zilikuwa zinakwisha, na shaba ilianza kuganda ukingoni mwa chungu.

Akabaki mmoja, Bi Sanura, jirani wa ukuta kwa ukuta. Yeye na Mwanakombo walikuwa wamenuniana tangu Bi Sanura alipomrushia maneno harusini, mbele ya watu. Jina lilifika kwenye meno ya Mwanakombo. Likarudi. Nimwite mimi kwanza? Mimi?

"Tule sasa!"

"Kula," akasema.

Zimwi likainua chungu, likabugia chote. Likasimama, likapanua mdomo, likakauka. Shaba kichwani, shaba tumboni, shaba miguuni. Mji mzima ukapiga vigelegele.

Mize ndiye hakupiga.

"Dada, Bi Sanura yuko wapi? Mle gizani alinishika mkono wakati wote. Akawa ananiambia, usiogope, Mwanakombo atatutoa sote."

Mwanakombo akadaka nyundo. Watu wakamshika. "Ukilipasua tu, zimwi litatoka hai!" Akaitupa nyundo, akaweka sikio kwenye tumbo la shaba. Ndani kulikuwa kunagongwa, polepole.

"Bi Sanura! Bi Sanura! Bi Sanura! Nisamehe!"

Kugonga kukakoma.

Banda likabomolewa, uwanja ukawa bustani. Wakapanda asumini, wakaweka viti, na wageni wakawa wanakuja kutoka mbali kulistaajabia sanamu: tazama meno, tazama kucha, fundi gani huyu! Fundi mwenyewe hakukaa kwenye kiti hata kimoja. Kila jioni alilizunguka lile zimwi la shaba akiliita jina alilolimeza, mpaka miguu ikamshinda. Hakujibiwa.

Basi, hadithi yangu nimeishia hapo, mwenye kulia na alie. Jirani akikuudhi, mnunie ukitaka. Lakini siku ya hatari, litaje jina lake.